Watoa Mada Nao Wapewe Jembe: Barua ya Wazi kwa Klabu Yetu ya Huduma, Mpanda

Kwa Mwenyekiti, Katibu, Kamati ya Programu na wanachama wote wa klabu yetu ya huduma,
Manispaa ya Mpanda, Mkoa wa Katavi.



Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya ndani nimeshaipita. Nilimweleza Katibu kwa mdomo, akaniambia niandike. Nikaandika, nikaambiwa jambo langu litaingia kwenye ajenda. Ajenda ikaja bila jambo lenyewe. Basi leo nalisemea nje, na yeyote atakayeguswa ajue sijamtaja mtu wala shirika kwa nia ya kumvunjia heshima.

Jambo lenyewe ni watoa mada wetu. Kila tunapokutana tunaalika mgeni kutoka shirika lisilo la kiserikali la hapa mjini au wilaya jirani. Anazungumza, tunakula, tunapiga makofi, tunasimama mbele ya bango tupigwe picha, tunaagana. Utaratibu huu tumeuiga kwenye klabu kubwa za dunia: Rotary, iliyoanzishwa na Paul Harris na wenzake mjini Chicago mwaka 1905 na kufika Dar es Salaam mwaka 1949, na Lions iliyozaliwa mwaka 1917. Kuiga si kosa. Kosa ni kuiga nusu. Mrotari mmoja wa Chicago, Herbert Taylor, aliandika mwaka 1932 maswali manne ambayo Warotari hujipimia maneno na matendo yao, na swali la kwanza kabisa ni la ukweli. Sisi tumechukua chakula na makofi. Maswali tumeyaacha hukohuko.

Mimi ni muuza pembejeo. Wanaokuja dukani kwangu kutafuta mbegu na dawa za mimea ni watu wa Mwamkulu, Kakese, Katumba na Mishamo, yaani watu walewale ninaowaona kwenye slaidi jioni ya mkutano wetu. Mchana wananisimulia habari moja, jioni naoneshwa nyingine. Hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Hatuulizi habari za fedha.

Katika vijiji vyetu, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Mkulima wa tumbaku asiye hata na kiti cha kukalia anasimama chini ya mwembe na kumwuliza mtendaji: mifuko ya saruji ilikuwa mingapi, na mingapi imeingia kwenye jengo? Mtendaji anajibu, apende asipende. Nendeni Wilaya ya Tanganyika, kwenye vile vijiji vinane vya safu ya milima ya Ntakata vinavyopata fedha za hewa ukaa kwa kutunza misitu yao. Fedha zile zinajadiliwa na wanakijiji: madarasa kiasi gani, zahanati kiasi gani, bima ya afya kiasi gani. Sisemi mambo yote yamenyooka huko. Penye fedha pana maneno. Nasema wanauliza.

Sisi, wenye maduka, wenye vyeti, wastaafu wa serikali, tunakaa na mgeni anayeendesha mradi wa mamilioni na hatumwulizi hata swali moja la hesabu. Siku moja niliuliza. Niliuliza kwa adabu kabisa: katika kila shilingi mia mliyopewa na mfadhili, ngapi zimefika kijijini na ngapi zimebaki kwenye mishahara, mafuta ya gari na ukumbi wa semina? Aliyekuwa akiongoza kikao akasema muda hauturuhusu, tuelekee kwenye picha ya pamoja.

Ndugu zangu, swali lile halikuwa la utovu wa adabu. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, inalitaka kila shirika kuandaa kila mwaka taarifa ya kazi zake na taarifa ya hesabu zilizokaguliwa, na taarifa hizo ziwe wazi kwa umma. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018 zikaongeza wajibu wa kutangaza fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Kwa hiyo tunapouliza hatuchunguzi siri ya mtu. Tunaomba karatasi ambayo shirika lilishapaswa kuwa nayo mkononi.

2. Tunapewa takwimu zilizochacha na tunazimeza.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo palipoumia zaidi.

Mtoa mada mmoja alifungua mazungumzo yake kwa kutuambia kwamba asilimia 45 ya mabinti wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito. Ukumbi mzima ukaguna. Baadhi yenu mkatoa mchango papo hapo. Takwimu ile ni ya kweli, ila ni ya utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16, wakati mkoa wetu uliongoza nchi nzima na wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, ulitukuta kwenye asilimia 34. Asilimia 45 mwaka huo ilikuwa ya Songwe, na wastani wa taifa ulikuwa umeshuka hadi 22.

Mgeni wetu hakusema uongo. Alichagua mwaka. Anayetafuta mchango, takwimu ya zamani inamfaa kuliko mpya, na sisi tulimfaa zaidi kwa sababu hakuna aliyemwuliza ni ya lini.

Asije mtu akanisoma vibaya. Asilimia 34 ni binti mmoja katika kila watatu, na kwa mkoa unaolima mpunga, mahindi na tumbaku kama huu, hiyo ni fedheha yetu sote, wazazi, wenye nyumba za kupangisha na wenye bodaboda pia. Lakini kushuka kutoka 45 hadi 34 ndiko kulikostahili jioni nzima ya mazungumzo. Nini kimesaidia? Mabweni? Mahakama? Akina mama wa makanisani na misikitini? Mashirika yenyewe? Au ni hesabu tu imebadilika, kwa kuwa mkoa umepokea wahamiaji wengi mno: sensa ya 2012 ilituhesabu watu 564,604, ya 2022 ikatukuta 1,152,958? Mtu anayefanya kazi hii kila siku angeweza kutufundisha. Hatukumpa nafasi ya kufundisha kwa sababu hatukumtaka afundishe. Tulimtaka atuhuzunishe kidogo, kisha tule.

Tena kuna swali ambalo klabu ya watu wa mjini kama yetu ingeweza kulifanyia kazi bila mfadhili yeyote. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi masomoni. Katika kata zetu za Makanyagio, Nsemulwa, Kawajense na Shanwe, wangapi wamerudi? Mtoto analala kwa nani mama yake akiwa darasani? Nani ananunua sare ya pili? Nimewahi kuyasikia maswali haya dukani kwangu, kutoka kwa bibi anayelea kitukuu. Kwenye mkutano wetu sijawahi.

3. Picha za watoto wetu zinaanikwa ukutani.

Kwenye slaidi za mgeni huyohuyo iliwekwa picha ya binti mwenye ujauzito, kavaa sketi ya shule, uso wake wazi. Mpanda ni mji ambao watu wake wanafahamiana. Waliokuwa wamekaa nyuma yangu walimtambua, wakalitaja hadi jina la baba yake. Binti yule yawezekana alikubali kupigwa picha; alikubali mbele ya mtu aliyefika na gari na msaada, na hilo si kukubali kwa hiari. Wala hakukubali kuoneshwa kwa majirani zake wakiwa na sahani za pilau mkononi.

Nchi hii ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ina pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini hata bila sheria, swali ni moja: kama angekuwa binti wa mwanachama, picha ile ingewekwa? Sote tunajua jibu. Kwa jambo hili siombi majadiliano. Naomba likome.

4. Tunawasikia wenye magari, hatuwasikii wenye kazi.

Angalieni orodha ya wageni wetu. Ni wale wenye ofisi hapa mjini, wenye projekta yao, wenye afisa habari wa kutuandikia barua nzuri. Kikundi cha akina mama wa Katumba hakijawahi kualikwa. Katumba imekuwa makazi ya watu waliokimbia Burundi tangu 1972, na Mishamo tangu 1978. Wengi wao wamepewa uraia, wana watoto na wajukuu waliozaliwa hapa, wanalipa ushuru wa mazao kama mimi. Hata leo tunasimuliwa habari za Katumba na mtu anayekwenda huko asubuhi na kurudi jioni. Wao wenyewe wana midomo.

Mpimbwe vilevile. Huko vijana walikuwa wakiua simba na kuzunguka wakicheza ngoma nyumba kwa nyumba, wakitunzwa ng'ombe na zawadi nyingine kama mashujaa. Mradi wa Watu, Simba na Mazingira, maarufu kama WASIMA, uliketi na wazee wa Kisukuma na serikali za vijiji hadi zikatungwa sheria ndogo za kuizuia ngoma ile. Fikirieni jioni moja ya kumsikiliza mzee aliyekuwa ndani ya mazungumzo hayo: nani alipinga, nani alikubali shingo upande, ng'ombe aliyeliwa na simba analipwa na nani. Ningelipa kiingilio kusikiliza.

Karema nako, ambako siku hizi tukipasikia tunafikiria bandari tu, aliishi Adrian Atiman, Mwafrika aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika pwani ya Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kutibu watu hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1956. Hiyo ni huduma ya zaidi ya nusu karne ndani ya mkoa wetu, na hakuna hata mtoa mada mmoja aliyewahi kututajia jina lake. Tunafundishwa moyo wa kujitolea kwa mifano ya mbali. 

Mara moja tu tulimpata mgeni wa aina ninayoisema. Alikuwa mzee kutoka jumuiya ya watumia maji ya mto Katuma. Hakuwa na slaidi. Aliomba kipande cha karatasi ya manila, akachora mto kuanzia vilimani, akaonesha wapi wakulima wa mpunga wamekinga maji, wapi mifereji imechimbwa bila kibali, na kwa nini kiangazi viboko wanabanana kwenye matope ndani ya Hifadhi ya Katavi. Alitaja na makosa ya jumuiya yake mwenyewe. Wanachama waliacha simu zao. Bahati mbaya aliyemtangulia, mwenye projekta, alikuwa amekula muda wote, mzee akapewa dakika kumi na chakula kikiwa tayari kinapakuliwa. Alikatizwa kabla hajafika kwenye jambo alilotaka tumsaidie. Mpaka leo hatujui lilikuwa jambo gani.

5. Hatuweki kumbukumbu ya ahadi.

Hili ni fupi. Mihtasari yetu inaandika "mgeni alitoa mada nzuri na wanachama walichangia." Haiandiki aliahidi nini wala sisi tuliahidi nini. Ndiyo maana mgeni mmoja alirudi baada ya muda mrefu na slaidi zilezile, lengo lilelile, hata kosa lilelile la tahajia kwenye ukurasa wa kwanza, nasi tukampigia makofi upya.

Sasa naomba yafuatayo, nayo yote yanaweza kuanza mkutano ujao bila kumwomba mtu ruhusa.

Kwanza, barua ya mwaliko imtake mgeni atuletee, siku chache kabla, taarifa yake ya mwaka na ya hesabu zilizokaguliwa, na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza mradi, gharama yake na kijiji au kata unapofanyika. Asiyekuwa nayo aahirishiwe hadi atakapokuwa nayo.

Pili, nusu ya muda iwe ya maswali, na swali la fedha lisizuiwe na mwenyekiti wa kikao. Mada itolewe kwa Kiswahili, na maandishi ya ukutani yawe ya Kiswahili. Slaidi za Kiingereza zilizoandaliwa kwa ajili ya mfadhili zibaki kwa mfadhili.

Tatu, mgeni aje pamoja na mtu mmoja wa mahali anapofanyia kazi, mtu mzima, aliyekubali mwenyewe, naye ndiye aanze kuzungumza. Simaanishi binti aletwe atueleze yaliyompata. Nimeshasema kuhusu hilo. Namaanisha mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu wa malezi, mama wa kikoba, mkulima. Nauli yake klabu iilipe. Tunalipia bango kila mara. Nauli ya basi la Mishamo haitatushinda.

Nne, hakuna picha ya mtoto inayoonesha sura, kamwe.

Tano, kati ya kila mikutano mitatu, mmoja ufanyike nje ya ukumbi: Katumba, Mwamkulu, Usevya, Karema. Chakula tutakula kwa mama lishe wa hukohuko, na fedha zitabaki hukohuko.

Sita, Katibu afungue daftari la ahadi. Baada ya miezi sita mgeni arudi, au atume taarifa, na sisi tusome ahadi zetu wenyewe kwa sauti. Nakala ipelekwe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, ambaye ndiye mwenye dhamana ya mashirika haya katika halmashauri. Klabu haiwi polisi kwa kufanya hivyo. Inakuwa raia.

Najua nitakachojibiwa. Mtasema mgeni huheshimiwa, na tukianza kuwabana watoa mada hawatakuja tena. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; Mwalimu Nyerere aliutumia usemi huo mwaka 1962 alipoueleza Ujamaa. Mashirika haya hayapo Katavi kwa siku mbili. Mengine yalikuwepo kabla mkoa haujamegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Yana ofisi, yana magari, yana vijana wetu walioajiriwa, mengine yanafanya kazi nzuri ambayo serikali isingeifikia. Huyo si mgeni tena. Ni mwenyeji mwenzetu, na mwenyeji huulizwa. Kwa ninavyowafahamu baadhi ya wakurugenzi wa mashirika haya, walio wazima watafurahi. Wamechoka kusifiwa na watu wasiosikiliza.

Wengine mtasema klabu ni mahali pa kupumzika, kukutana na marafiki baada ya kazi. Sawa. Basi tuondoe neno huduma kwenye bango, tupunguze ada, tuache kuchangisha. Nitaendelea kuja, nitakula, nitaulizia hali za watoto wenu. Lakini tusichukue fedha za mwanachama hata mmoja kwa jina la binti wa Nsemulwa tusiyejua kama zilimfikia.

Mkoa umeongezeka watu maradufu ndani ya miaka kumi. Bandari ya Karema imejengwa, reli inazungumzwa, na kila panapoongezeka watu yanaongezeka mashirika yenye maandiko ya miradi. Halmashauri zetu nazo zinatenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na nusu ya vikundi ninavyovijua havijui fomu inajazwaje. Miaka michache ijayo watakuja kwetu watoa mada wengi kuliko viti vya ukumbi. Tukiwa wepesi wa kupiga makofi, tutakuwa kituo cha kupigia picha za kuwapelekea wafadhili, na jina la klabu yetu litatumika kwenye taarifa za miradi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona kwa macho.

Naomba barua hii isomwe yote kwenye mkutano ujao, maombi yote sita yapigiwe kura ya kunyoosha mikono, moja moja, na idadi ya waliokubali na waliokataa iandikwe kwenye muhtasari. Naomba pia Kamati ya Programu imtafute yule mzee wa mto Katuma, imwombe radhi, na impe jioni nzima.

Wenu katika huduma,
Mwanachama, muuza pembejeo,
Mpanda.